Taa ya Siku ya Tisa

Saa mbili asubuhi ya Jumatano, Perpétua Siqueira, mpelelezi wa polisi, alikuwa amepiga magoti kwenye majivu, akiyachuja kwa chujio la chai. Mvua ya Juni ilikuwa imekatika kidogo. Mahali palipokuwa na paa sasa palikuwa wazi, na anga la jiji la Recife lilining'inia pale juu, la rangi ya bati.

"Bado uko kwenye sala za asubuhi, Perpétua?" Mkuu wake, Aderbal, aliuliza kutoka mlangoni. Hakuingia. Alikuwa amevaa viatu vipya.

"Zile nilimaliza nyumbani, mkuu. Hii ni kazi."

"Kazi ilikwisha jana. Zimamoto wameandika 'hitilafu ya nyaya'. Fundi aliyefunga hizo nyaya tunaye. Saa tisa alasiri gari linampeleka gereza kuu. Sasa wewe unatafuta nini, dhahabu?"

"Balbu."

Aderbal akacheka. "Nyumba imeungua, mama wa watu amekufa, yeye anatafuta balbu. Haya. Ikifika saa tisa uko mikono mitupu, natia sahihi na fundi anakwenda."

Aliondoka akiruka madimbwi. Perpétua akaendelea kuchuja.

Chumba kilikuwa kidogo, hatua nne kwa tatu. Ndimo alimokuwa akisali Bi Zulmira, mjane wa miaka sabini na minne. Ukutani palikuwa na kisanduku cha mbao cha sanamu ya Mtakatifu Antoni akiwa amempakata Mtoto Mtakatifu, chenye vitambaa vya kudarizi na maua ya karatasi. Jumapili, siku ya tisa ya zile sala za siku kumi na tatu za mtakatifu huyo, moto ulianzia hapo wakati kengele za saa kumi na mbili jioni zikipigwa. Bi Zulmira hakuungua sana. Moshi ndio uliomwua. Walimkuta amejikunja karibu na mlango, sanamu ameikumbatia kifuani.

Binti yake, Edileuza, alikuwa amefika asubuhi ya Jumapili hiyohiyo kutoka jiji la Salvador. Baada ya moto, mbele ya mtaa mzima, alimnyooshea kidole fundi Otoniel, ambaye mwezi Mei aliingiza waya mpya mpaka kwenye kile kisanduku. "Huyu ndiye aliyemwua mama yangu!" Polisi walimchukua Otoniel akiwa bado na bisibisi mfukoni.

Chujio likagonga kitu kigumu. Perpétua alikipuliza, akakiweka kiganjani. Kilikuwa kitako cha balbu, cha shaba, kimekuwa cheusi lakini mizunguko yake ya skrubu ilikuwa kamili. Ndani yake zilichomoza nyaya mbili fupi, zile zinazoshika uzi wa balbu. Ncha za nyaya hizo zilikuwa zimeyeyuka na kujiviringa kama vichwa vya pini.

Aliziangalia kwa lenzi kwa muda mrefu. Moto wa mbao na karatasi ungeweza kukichafua kitako, na kweli ulikichafua. Lakini shaba ile ya kitako huyeyuka kabla ya zile nyaya. Kitako ni kizima; nyaya zimeyeyuka. Kwa hiyo kilichoziyeyusha hakikutoka nje ya balbu.

Chini ya tabaka la makaa, juu ya sakafu yenyewe, alipata vipande vya kioo chembamba. Upande uliolala sakafuni haukuwa na masizi hata chembe. Vilianguka kwanza, moto ukaja baadaye. Upande wa ndani vilikuwa na utando mwembamba wa rangi ya fedha iliyochakaa.

Aliweka kila kitu kwenye bahasha yake, akaandika saa, akafanya ishara ya msalaba, akainuka. Magoti yalimlia.

Jiko halikuungua. Kwenye ujia, karibu na mlango wake, kulikuwa na boksi la fyuzi. Watu wa mtaa walikwisha kusema kwamba humo ndani Otoniel lazima aliweka sarafu au kipande cha waya mahali pa fyuzi, kama wanavyofanya mafundi wengi wa njiani. Perpétua alilifungua. Fyuzi ya laini ya kisanduku ilikuwa ya kweli, ya ampea kumi, wala haikuchezewa. Kidirisha chake cha kioo kilikuwa cheusi tii.

Hilo aliliandika kwa herufi kubwa. Fyuzi ikizidiwa polepole, uzi wake huyeyuka katikati na kidirisha hubaki safi. Ikipigwa ghafla, hulipuka ndani na kidirisha huwa cheusi. Hii ilipigwa ghafla, na ilikata umeme kama ilivyopaswa.

Alitazama jikoni. Juu ya kila soketi ya ukutani palikuwa na kipande cha utepe mweupe kilichoandikwa kwa kalamu nene: 220. Soketi tano, tepe tano, mwandiko mmoja. Juu ya meza palikuwa na blenda mpya yenye utepe wa zawadi, na pembeni yake transfoma ndogo nzito ya chuma. Havikuwa vimewashwa bado.

"Afande! Afande, unakunywa kahawa?"

Sauti ilitoka ng'ambo ya ukuta wa uani. Alikuwa Bi Quitéria, jirani, mwanamke mnene mwenye macho yaliyovimba kwa kulia. Dirisha la jiko lake lilitazamana na dirisha la chumba cha maombi, mita sita hivi.

"Nitakunywa, mama, ukinieleza Jumapili uliona nini."

"Nimekwisha kuwaeleza wenzako. Wakanicheka."

"Mimi sicheki."

Quitéria alimpa kikombe juu ya ukuta. "Niliona mwanga. Mweupe! Mweupe kama gauni la bi harusi, afande. Dirisha zima la Zulmira lilikuwa kama mchana. Yule kijana wenu akaniambia, 'Mama, huo ulikuwa moto.' Nikamwambia, mwanangu, mimi nimepika kwa moto miaka hamsini, moto naujua rangi yake."

"Ulikaa muda gani huo mweupe kabla ya moto?"

"Zulmira aliwasha taa kama saa kumi na moja na nusu, alitaka kupanga maua. Siku zote taa yake ilikuwa kidogo hivi, ya njano, ya kuonea haya. Jumapili nikasema, leo mtakatifu kapandishwa cheo." Alijaribu kucheka, ikashindikana. "Saa kumi na mbili kasoro kumi akaniita. Alisimama pale dirishani, akapiga kelele: 'Quitéria, njoo uone! Leo namwona mpaka Mtoto mkononi mwake!'"

Perpétua aliacha kunywa. "Macho yake yalikuwaje?"

"Mtoto wa jicho, yote mawili. Mwaka wa pili huu hakuwa anauona uso wa sanamu, alikuwa anaupapasa tu."

"Nawe ulikwenda?"

Quitéria alivuta aproni, akajifuta pua. "Nilikuwa nakoroga uji wa mahindi mabichi. Unaujua mwenyewe ule, ukiuacha dakika moja umeshika chini. Nikamwambia, nakuja, ngoja uive. Halafu nikasikia paa! kama kizibo. Nikadhani watoto wanachezea fataki." Alikunja ncha ya aproni. "Uji haukuungua, afande. Ulitoka vizuri kabisa. Niliumwaga wote."

Perpétua aliyaandika maneno ya marehemu kama yalivyotamkwa, akamsomea, Quitéria akatia sahihi juu ya ukuta.

Kisha alirudi jikoni mbio. Mwanamke mwenye mtoto wa jicho alikuwa ameona kitu ambacho kwa miaka miwili hakukiona. Taa ndogo ya njano haikufanya hivyo. Alifungua droo moja baada ya nyingine. Katika ya tatu, kati ya vijiko vya mbao, alikuta balbu ndogo nzima, na kando yake pakiti ya balbu tatu, moja haimo. Alivaa miwani akasoma maandishi madogo yaliyopigwa muhuri juu ya vioo.

Alisoma mara mbili. Halafu akaketi kwenye kiti cha jikoni kwa muda, ile pakiti ikiwa mapajani.

*

Otoniel aliletwa chumba cha mahojiano saa tano. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mwembamba, mwenye nywele za pembeni tu. Siku tatu za mahabusu zilikuwa zimemwachia ndevu nyeupe.

"Kwenye kisanduku cha mtakatifu uliweka balbu gani?" Perpétua aliuliza.

"Wati ishirini na tano, afande. Volti 220. Ndogo, maana mle ndani ni karatasi na vitambaa vitupu. Nilimwambia Bi Zulmira, mama, kubwa zaidi ya hii usiweke, joto litaunguza maua. Akasema sawa, ila simwoni mtakatifu. Nikasema yeye anakuona."

"Ndiyo hii?" Akamwonyesha ile ya droo.

Otoniel aliigeuza. "Ndiyo. Tazama, nimeiandika tarehe kitakoni. Mimi huandika kila kitu. Mtaani wananiita Otoniel wa Tepe." Halafu uso wake ukabadilika. "Kama hii nzima, mle kiliwaka nini?"

"Fyuzi uliweka ya kiasi gani?"

"Kumi. Afande, mle kiliwaka nini?"

"Umewahi kuweka waya mahali pa fyuzi?"

"Baba yangu alifanya hivyo mara moja, nyumba ya watu ikaungua, nilikuwa na miaka kumi na miwili. Sijawahi. Waulize hata wanaonichukia. Wataniita ghali, wataniita mchelewaji, lakini hilo hawatalisema." Aliegemea meza. "Na wakinipeleka kule gereza kuu, hata nikirudi baada ya mwezi, nani atanifungulia mlango nimfungie nyaya? Mimi nitakuwa yule aliyemchoma Bi Zulmira mpaka nife."

Perpétua alifunga daftari. "Kuna saa nne mpaka gari lije. Omba."

"Naomba tangu Jumapili, afande. Sasa ni zamu yenu kufanya kazi."

*

Chumba cha vipimo kilikuwa chini ya ngazi. Perpétua aliweka sinia la chuma mezani, akatandika gazeti na ua moja la karatasi. Juu yake akaning'iniza holda ya balbu yenye fyuzi ya ampea kumi, iliyounganishwa na transfoma ya kupandisha volti kidogo kidogo. Alimwomba Aderbal awe shahidi. Alipiga picha balbu mbili zilizobaki kwenye pakiti, mihuri yake, wati 100, volti 127, ikisomeka, na Aderbal akatia sahihi.

"Mbili tu," Aderbal alisema.

"Mbili tu."

Alifunga ya kwanza, akapandisha mpaka volti 127. Balbu iliwaka vizuri, ya njano, kama balbu yoyote ya wati mia. Akapandisha. Kwenye 160 ilianza kupauka. Kwenye 220 wote wawili waligeuza nyuso. Chumba kizima kilikuwa cheupe, na vivuli vyao ukutani vilikuwa vyeusi kama vimekatwa kwa mkasi.

"Gauni la bi harusi," Perpétua alisema kwa sauti ndogo.

"Nini?"

"Maneno ya shahidi."

Walingoja. Dakika ya kumi na nne balbu ikatoa mlio mdogo kama wa kijiko kwenye glasi, ikazima. Basi. Kioo kizima, ua zima.

Aderbal alitazama saa. Ilikuwa saa saba na nusu. "Imekufa tu. Zinakufa hivyo kila siku. Hapo fundi wako hana kitu."

"Nyingi hufa hivyo. Uzi unakatika na pengo linaukata umeme, imekwisha. Lakini pengo likianza, linakuwa dogo kama unywele. Volti ikiwa 127, gesi iliyomo ndani inatosha kuuzima umeme pale pale. Ikiwa 220, umeme unaweza kuruka pengo na kuendelea kuwaka hewani, kama mashine ya kuchomelea vyuma. Unaula uzi wote, unafika kwenye nyaya mbili nene, na hapo hakuna tena cha kuuzuia. Kioo hakiwezi kustahimili."

"Haya ndiyo mliyofundishwa madarasa ya jioni?"

"Haya, na sala ya kuomba tusisinzie." Hakutabasamu. Alikuwa ameshika balbu ya mwisho. "Ikifa kimya, mkuu, nitakuwa na kitako kimoja chenye ncha zilizoyeyuka, na maneno yangu."

"Na mimi nitatia sahihi."

"Najua."

Aliifunga, akairudisha mikono nyuma, akapandisha. Chumba kikawa cheupe tena. Dakika tano. Kumi. Kumi na tano. Midomo yake ilikuwa ikienda bila sauti, na Aderbal, ambaye hakuwa mtu wa kanisa, alivua kofia bila kujua kwa nini. Kumi na nane. Dakika ya ishirini na moja mwanga wa buluu ukaruka, paa! na balbu haikuwepo tena. Vipande vya kioo viliruka hadi ukutani. Matone mekundu ya chuma kilichoyeyuka yalianguka kwenye ua la karatasi, likashika moto palepale. Fyuzi ilikwisha kukata. Moto haukuhitaji tena umeme.

Perpétua alimwaga mchanga. Alikichomoa kitako kwa koleo, akakiweka karibu na kile cha majivu. Ncha mbili zilizojiviringa, na ncha mbili zilizojiviringa. Kidirisha cha fyuzi kilikuwa cheusi tii.

Aderbal alitazama muda mrefu. "Nani aliiweka hiyo balbu?" aliuliza, ingawa alikwisha kujua.

*

Edileuza alikuwa kwenye benchi la ukumbini tangu asubuhi, amevaa nguo nyeusi ya kuazima, iliyompwaya mabegani. Alikuwa amekuja kuhakikisha gari linaondoka na Otoniel ndani. Perpétua alimwingiza ofisini, akafunga mlango, akampa maji.

"Wamempeleka?"

"Bado. Dada Edileuza, nina maswali machache. Salvador unafanya kazi gani?"

"Nafua shuka hotelini. Mwaka wa kumi na tisa."

"Nyumbani kwa mama kulikuwa na mishumaa?"

"Hakuna!" Alinyanyua kichwa. "Mwaka juzi mshumaa uliunguza pazia. Nikaitupa yote mwenyewe, mpaka ile ya pasaka. Nikamwambia, mama, utakuja kujichoma. Mimi ndiye niliyetuma hela ya kuweka umeme mle ndani, afande. Mimi! Ili awe salama. Halafu yule mtu akaja na waya zake za ovyo..."

"Jumapili ulifika saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi, kwa basi la usiku. Mama alikuwa na furaha kama mtoto. Nilimletea zawadi."

"Zawadi gani?"

"Blenda. Alikuwa anasaga maembe kwa mkono na macho yale. Nikamnunulia na transfoma yake, maana bila hiyo ingeungua papo hapo. Kule kwetu Salvador ni 127, na hapa..."

Akasita. Mkono wake ulikuwa hewani, bado umeshika umbo la ile transfoma.

Perpétua alishika kalamu. Alitamani kusema, lakini jibu hilo lilikuwa lazima litoke kinywani mwa mwenyewe.

"Na hapa ni 220," Edileuza alimaliza polepole. "Afande, kwa nini unaniuliza blenda?"

"Ulileta kitu kingine chochote cha umeme?"

"Hapana. Redio hapana. Pasi hapana. Najua hayo, kila mtu wa Recife anayeishi kule anajua hayo, tunataniana kwa hayo. Nilileta blenda, shuka ya kitanda, sabuni, na..." Sauti iliisha. Akaanza tena kutoka mwanzo, kama mtu anayehesabu nguo za wageni. "Blenda. Shuka ya kitanda. Sabuni. Balbu."

Nje, mtu alipita akipiga mluzi. Mluzi ukaishia mbali.

"Taa ni taa," Edileuza alisema. "Si mashine. Nani anaangalia balbu? Mama aliniambia kwenye simu, mwanangu, huyu Otoniel kaniwekea taa ya mbu, simwoni mtakatifu. Nikanunua pakiti ya wati mia, dukani karibu na hoteli. Nikaifunga mwenyewe saa kumi. Nilitaka kuijaribu!" Alimshika Perpétua mkono. "Nilitaka kuijaribu, afande, haki ya Mungu. Nikagusa swichi. Mama akanipiga kofi mkononi, akasema, taa ya mtakatifu haiwashwi bila sala, mtakatifu si kitu cha kujaribia. Tangu utoto wangu ilikuwa hivyo. Mshumaa hauwashwi bure, taa haiwashwi bure. Nikacheka. Nikamwambia haya, mama. Nikaenda sokoni kumnunulia nazi, niliporudi moto ulikwisha kuwaka."

"Ungeiwasha ungeona."

"Ningeona. Nafua shuka kule miaka kumi na tisa, najua mwanga wa balbu ya 127 ulivyo. Ningeona nikazima." Aliuachia mkono wa Perpétua. "Na nilimwambia nini yule mtu? Mbele ya watu?"

"Tunaweza kuandika kwamba chanzo hakijulikani," Aderbal alisema. Alikuwa amefungua mlango na kusimama pale, kofia mkononi. Ilikuwa saa nane na robo. "Fundi anatoka, na mama huyu... Perpétua, hakuna atakayeshtakiwa. Ni ajali."

Perpétua aliwatazama wote wawili. "Ukiandika hakijulikani, mkuu, mtaa utaendelea kukijua. Watasema ni Otoniel. Hatapata kazi mpaka afe."

"Andika," Edileuza alisema. "Andika balbu. Andika aliyeiweka."

*

Walishuka pamoja mahabusu. Askari alifungua mlango, na Otoniel alisimama haraka, mikono mbele, akidhani ni gari. Alipomwona Edileuza akarudi nyuma hatua moja.

Edileuza alisimama mlangoni. "Ilikuwa balbu," alisema. "Niliitoa Salvador. Niliifunga mimi."

Otoniel alimtazama. Kisha akamtazama Perpétua, naye akaitikia kwa kichwa. Fundi alikaa kwenye benchi la saruji, na kwa muda hakuonekana kama mtu aliyeachiliwa.

"Wati mia?"

"Mia."

"Ya kule." Alijipapasa kichwa. "Pole, dada."

"Wewe ndiye unanipa pole?"

"Niliandika 220 kwenye soketi zote tano, maana nilijua unaishi kule na unakuja na vitu. Bi Zulmira aliniambia. Nilikuwa na tepe mkononi, kalamu ninayo. Nikaangalia ile holda ya mtakatifu, nikajiambia, aa, hii ni taa." Alitikisa kichwa. "Nani huandika kwenye holda?"

Askari alimrudishia vitu vyake: mkanda, bisibisi, kalamu nene, utepe mweupe. Otoniel alivihesabu. "Nimefunga holda kwenye nyumba arobaini na moja," alimwambia Perpétua. "Naanza leo kuziandika, kabla ya mvua." Akatoka mlango wa mbele, peke yake, bila kuaga mtu.

Gari la gereza liliondoka saa tisa kamili likiwa na nafasi moja tupu.

Perpétua alikuwa akipiga chapa taarifa alipogundua kwamba Edileuza amesimama mlangoni. Hakujua alisimama pale tangu lini.

"Afande. Bi Quitéria hanitazami usoni. Tangu msiba ananikwepa. Watu wanasema mama alimwita, naye hakwenda." Alimeza mate. "Alikuwa anaomba msaada?"

"Hapana."

"Usinifiche kwa kunihurumia."

Perpétua alichukua daftari, akafungua ukurasa wenye sahihi ya Quitéria. Alisoma bila kuongeza neno. "'Quitéria, njoo uone! Leo namwona mpaka Mtoto mkononi mwake.'"

Mvua ilianza tena kupiga bati la uani.

"Hiyo saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili kasoro kumi."

"Na moto?"

"Kengele zilipolia."

"Dakika kumi alimwona," Edileuza alisema.

"Kama kumi."

Alikuja mezani, akaomba kalamu. Perpétua alimwonyesha mahali pa kutia sahihi, chini ya sentensi iliyosema nani aliifunga balbu, saa ngapi, na ilitoka wapi. Edileuza aliisoma yote taratibu, kidole kikifuata mistari. Akatia sahihi. Kisha akarudi juu, kwenye maneno ya mama yake yaliyonukuliwa na Quitéria, kidole kikatulia pale, na Perpétua hakumwomba karatasi mpaka alipoiachia mwenyewe.